Mpira Uliodunda Mara Mbili: Maisha ya Marehemu Fusae Kawasoe

Marehemu Fusae Kawasoe alizaliwa tarehe 9 Novemba 1955 hapa Nobeoka, mkoani Miyazaki, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Kanji Iwakiri, fundi mitambo wa kiwanda cha nyuzi, na mkewe Bi Tome, aliyekuwa akiuza samaki wa kukausha.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa mjini. Tenisi aliianza akiwa na miaka kumi, kwa mpira laini wa raba, akiupiga kwenye ukuta wa ghala la kiwanda mpaka mlinzi akazoea kumkumbusha saa ya kwenda kula. Sekondari aliimaliza Machi 1974 mjini Miyazaki. Walimu wake waliandika kuwa ni msichana mtulivu, mkaidi, na mwepesi wa kuomba radhi.

Aprili mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni moja ya nguo mjini Osaka, iliyokuwa na timu yake ya tenisi. Asubuhi alipanga mafaili, mchana alicheza. Alipangiwa chumba kimoja na nahodha wa timu, Bi Natsuko Hirafuku, aliyemzidi miaka saba. Natsuko ndiye aliyemfundisha kuanzisha mpira kwa nguvu ya bega badala ya kiwiko. Ndiye aliyemkata nywele, na ndiye aliyekesha naye alipougua homa ya mapafu. Fusae alimwita dada, na hakulitumia neno hilo kwa adabu tu.

Tarehe 23 Oktoba 1977 wawili hao walikutana kwenye fainali ya ubingwa wa taifa. Mshindi angegharamiwa kwenda kucheza ng'ambo. Natsuko alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wakubwa wa kampuni walishamwambia kwamba asiposhinda safari hiyo, raketi aiweke chini, arudi ofisini moja kwa moja. Katika seti ya tatu alibakiza pointi moja tu ashinde. Akadondosha mpira mfupi nyuma ya wavu. Fusae alikimbia, akaufikia ukiwa umeshadunda mara ya pili, akaunyanyua ukavuka. Natsuko hakuugusa, alijua ameshinda, kwani mpira ukidunda mara mbili pointi imekwisha. Watu walishaanza kupiga makofi. Mwamuzi, ambaye mgongo wa Fusae ulimziba asione vizuri, aliinama kutoka kwenye kiti chake akamuuliza, "Umeuwahi?"

Fusae akajibu, "Ndiyo."

Pointi ikawa yake. Haikupita nusu saa kombe nalo likawa lake. Natsuko alimpa mkono pale wavuni, akainamisha kichwa kama ilivyo desturi. Wiki iliyofuata alihama chumba. Machi aliacha kazi.

Marehemu alicheza tenisi ya kulipwa kuanzia Januari 1978 hadi Septemba 1984, katika nchi kumi na tisa, na wakati mmoja alishika nafasi ya arobaini na tatu duniani. Alisafiri na jungu lake la umeme la kupikia wali. Mjini Roma, mwaka 1980, jungu hilo lilikata umeme wa ghorofa nzima ya hoteli; Fusae akapita mlango kwa mlango na mshumaa mkononi, akiinama na kumpa kila mgeni bakuli la wali uliobaki nusu mbichi. Wenzake walikicheka kisa hicho miaka mingi. Yeye hakukipenda. Alisema kilimwonyesha kwamba aliweza kuwaomba radhi watu thelathini asiowajua kwa ajili ya taa, lakini kumwomba radhi mtu mmoja anayemjua kukamshinda. Alistaafu tarehe 28 Septemba 1984, bega lake la kulia likiwa limekwisha.

Tarehe 12 Mei 1985 aliolewa na Bwana Osamu Kawasoe, mwalimu wa jiografia, wakaja kuishi hapa. Mwaka 1987 walijaliwa binti, Michiyo. Marehemu alifundisha watoto tenisi kwenye viwanja vya manispaa kwa miaka thelathini na sita. Mumewe alishangaa kulikuta kombe limefungwa gazeti, limesukumwa nyuma ya magodoro kabatini. Kwa miaka kumi na moja alidhani ni unyenyekevu. Februari 1996 mkewe alimweleza yote jikoni, akiwa amempa mgongo, anaosha mchele.

Osamu akasema, "Mimi unaniambia ili iweje? Mwenye haki ya kuambiwa si mimi."

Mwezi uliofuata Fusae alikwenda Takamatsu, ambako Natsuko alikuwa na duka dogo la tambi. Alipiga magoti sakafuni mbele ya wateja, akasema alichokuja kukisema. Natsuko alimwacha amalize, akamwambia ainuke, wateja wanashindwa kupita.

"Siku ile tulitengana hatua tano tu, mimi na wewe," alimwambia. "Leo umepanda treni na feri. Kushindwa nimezoea, Fusae. Lakini mwamuzi alikuuliza."

Akamwekea bakuli la tambi, akarudi kuhudumia wengine. Fusae alizila zote huku akilia, akapanda feri ya jioni. Hakusamehewa, na hakudai kusamehewa. Aliliandikia shirikisho la mchezo akitaka ubingwa ule ufutwe. Akajibiwa kwa upole kwamba uamuzi wa mwamuzi haubadilishwi, na kwamba ingekuwa vyema asilirudie jambo hilo.

Mwaka 2003 manispaa ilitaka kuvipa viwanja jina lake. Marehemu alisimama mkutanoni akaeleza kwa nini hawezi kukubali. Magazeti yakaandika. Wazazi kadhaa waliwatoa watoto wao kwenye mafunzo, na majirani waliokuwa wakimsalimia kwa mbali wakawa na haraka ghafla. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliulizwa shuleni kama kwao hesabu huishia moja.

Michiyo, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Si ungenyamaza tu? Ulishanyamaza miaka ishirini na sita." Hakuongea naye majira yote ya baridi. Mama alimwandalia chakula cha kwenda nacho shule kila siku, na kila siku Michiyo alikimwaga stesheni. Aibu hiyo ni ya Michiyo, na mama yake aliondoka bila kuijua yote.

Aprili 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa upasuaji. Bi Natsuko alikuja kumwona tarehe 14 Oktoba, akiwa na miaka sabini na mitano, amebeba kaki, yale matunda matamu ya rangi ya chungwa. Walikaa pamoja saa nzima. Natsuko alimmenyea moja, akasema, "Hasira ziliniisha zamani. Ila sitakwambia kuwa hakikuwa kitu. Kilikuwa kitu." Fusae akaitikia kwa kichwa, akala.

Mwishoni mwa Novemba aliomba kusomewa wasifu ambao binti yake alishaanza kuuandika. Aliusikiliza akiwa amefumba macho.

"Umeruka mahali," alisema.

"Nimeruka, mama. Watu wote watakuwepo."

"Ndiyo maana nakwambia."

Michiyo aliuandika upya palepale kando ya kitanda, na mama yake akamsahihisha tarehe mbili. Marehemu alifariki tarehe 2 Desemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Osamu. Binti, Michiyo, na mkwe, Bwana Teppei. Mjukuu mmoja, Kozue. Na kaka yake, Mzee Shigeo Iwakiri. Marehemu alitaka atajwe pia mtu mmoja asiye wa ukoo, aliyeketi leo safu ya tatu: Bi Natsuko Hirafuku, bingwa wa taifa wa mwaka 1977. Shirikisho halikubali kuliandika jina lake hivyo. Familia ya Kawasoe imeliandika, na inamwinamia.

Mama, pumzika sasa. Tumesoma yote.