Mama Mawe na Vipimo Vilivyobaki

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kuketi nasi, haya ni maisha ya dada yetu, ambaye kazini aliitwa Daktari na mtaani aliitwa Mama Mawe, kama yalivyokusanywa na sisi wadogo zake na kuhakikiwa na mume wake, shemeji yetu fundi cherehani, ambaye ameomba tusipambe kitu.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1967, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa dereva wa greda na mama aliyekuwa muuguzi. Wakati wa likizo baba alimchukua kwenye kambi za barabara, na huko, greda lilipokata kilima na matabaka ya mawe kubaki wazi, dada alikuwa akisimama mbele yake akiuliza lipi lilitangulia, mpaka mzee akaomba ardhi impe nafasi ya kunywa chai.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, sekondari kuanzia 1981 hadi 1986, na chuo kikuu kuanzia 1987 hadi 1990, alikohitimu jiolojia, kisha akapata shahada ya uzamivu mwezi Novemba 2001.

Tarehe 1 Julai 1991 aliajiriwa katika maabara ya chuo, chumba namba kumi na mbili, mwisho wa korido ya chini, mbali kabisa na lifti, kwa sababu chuma cha lifti kilivuruga vipimo vyake. Kwa sisi tusio wa fani hiyo alikuwa akieleza hivi, kwamba jiwe la volkano linapopoa, chembe za chuma zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule na kubaki nao, hivyo anayejua kulisoma hujua kaskazini ya sumaku ilikuwa upande gani kabla hajawapo mtu wa kuuliza njia. Mwaka 2003 alikamilisha programu ya kompyuta ya kuchambua vipimo hivyo, pamoja na hazina ya data ambamo watafiti wa nchi nyingi waliweka vipimo vyao na kuchukua vya wenzao, na vyote viwili alivigawa bure, akijibu mwenyewe barua za waliokwama, hata wale waliokwama kwa kutowasha mashine.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994. Alikuwa amempelekea shemeji mkoba wa turubai wa kubebea mawe, ukachanika, ukashonwa, ukachanika tena, na mara ya tatu shemeji akaugeuza kwenye mwanga na kumuuliza, "Mbona safari hii umechanika kwa mstari ulionyooka hivi?" Dada akajibu, "Ni mawe hayo, fundi." Shemeji akasema, "Mawe haya yana mkasi?" na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, akaelewa kwamba si mkoba ulioletwa. Walijaliwa watoto wawili wa kike, kifungua mimba mwaka 1996 na kitinda mimba mwaka 1999.

Familia imekubaliana kutolificha lililotokea Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, kwa sababu yeye hakulificha. Asubuhi hiyo mwanafunzi wake mmoja alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, samahani, kuna mahali nadhani nimekosea, mawe yangu yanaelekea kusiko." Dada alikagua hesabu hadi saa saba mchana, kisha akamwambia, "Hujakosea wewe, nimekosea mimi." Dira haielekei kaskazini halisi, hupotoka kidogo kulingana na mahali, na upotofu huo mahali pengine hujumlishwa na pengine hutolewa, lakini programu yake ilikuwa inajumlisha kila mahali. Siku hiyohiyo aliwaandikia watumiaji wote mia mbili na kumi na wawili, kwa jina lake kamili, akiwaambia wasiamini matokeo yao mpaka yahakikiwe. Jioni alikaa dukani kwa shemeji bila kuvua viatu, akasema, "Nimewapoteza watu, baba watoto, miaka kumi na minne." Shemeji, ambaye naye amewahi kukata suti ya bwana harusi vibaya, akamwambia, "Si utarekebisha?" Akajibu, "Nitarekebisha, kimoja kimoja."

Programu yenyewe aliisahihisha kwa wiki moja, ila vipimo 3,186 vilivyokwisha kuingia katika hazina havikurekebishika kwa mkupuo, kwa kuwa baadhi ya watafiti walikuwa wameondoa upotofu huo wenyewe na wengine hawakuuondoa, na kompyuta haikuwa na namna ya kujua, ilibidi daftari la kila mmoja la kazi ya nje lisomwe ukurasa kwa ukurasa. Wengine walimtumia picha za madaftari yao, wengine walimtumia matusi, naye aliwajibu wote.

Mwezi Agosti 2019 kalamu ilianza kumponyoka, na tarehe 6 Februari 2020, baada ya vipimo vingi, daktari bingwa alieleza kwamba ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, akasema, "Tutampunguzia taabu, ila kuuzuia hatuwezi." Shemeji aliuliza kama zake zinaweza kuchukuliwa akapewa mkewe, na daktari, tunamshukuru, hakumcheka.

Mikono ilipokataa, kuanzia Juni 2020, shemeji alikuwa akifunika cherehani saa tisa alasiri na kukaa kwenye kompyuta, mtu ambaye mpaka hapo alijua kuchapa kwa kidole kimoja, akisoma madaftari kwa sauti na kuandika anavyoambiwa. "Mia moja na nne." "Kaskazini ya ramani au ya dira?" "Hawakuandika." "Basi weka alama ya kuuliza, twende." Siku moja aliruka mstari mmoja, vipimo arobaini vikaingia visivyo, akaenda jikoni kulia, na dada akamwita kwa sauti iliyokwisha kuwa nzito, "Rudi, fundi, mimi niliruka miaka kumi na minne."

Sauti yenyewe ilikwisha mwezi Septemba 2022. Shemeji akaandika herufi kwa chaki kwenye kitambaa cheusi, akakitundika mbele ya kitanda, akawa anapitisha kidole na dada anafumba macho kwenye herufi anayoitaka. Kitinda mimba alimsihi, "Mama, achana na hayo mawe, pumzika," naye akatumia karibu nusu saa kujibu, WATU WANAYATUMIA. Kwa siku walimaliza vipimo viwili, baadaye kimoja, na kuanzia mwezi Machi mwaka huu hawakumaliza hata kimoja, ingawa kila alasiri kompyuta iliwashwa.

Vimebaki vipimo 417. Wenzake wa kazini wametueleza kwamba 126 kati ya hivyo madaftari ya watafiti waliovipima hayapo tena, yameliwa na maji au wenye madaftari wamefariki, na hakuna atakayejua kamwe vilipimwaje, na kwamba mbele ya kila kimoja katika hazina kumewekwa neno "hakijahakikiwa". Tuliwauliza kama sisi ndugu tunaweza kusaidia lolote, wakatujibu kwa upole kwamba hapana.

Dada yetu alifariki nyumbani siku ya Jumapili, tarehe 21 Mei 2023, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi miwili na siku kumi na mbili. Muda mfupi kabla ya hapo alianza neno, akachagua N, akachagua I, akachagua S, kisha macho yakachoka. Shemeji hakujua kama ni nisogeze, nisomee, nisaidie, au nisamehe. Alimsogeza kwenye mto, akamsomea ukurasa wa daftari lililokuwa wazi, akamwambia kwamba hakuna la kusamehewa, na kila mara alimtazama kuona kama ndilo, na hakuona. Ameomba hili lisomwe mbele yenu, kwa sababu bado anatafuta neno jingine linaloanza hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli, majirani waliotusaidia kumgeuza kitandani bila kusubiri kuitwa, wafanyakazi wenzake wa chumba namba kumi na mbili, na mwanafunzi yule aliyesimama mlangoni, ambaye leo ni mwalimu, na amechukua madaftari yaliyobaki. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake.

Dada, pumzika sasa, kwa amani yote tuliyoshindwa kukupa.