Mayatima wa Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na nane ya utumishi, mtunza santuri wa redio yetu anakabidhi funguo za chumba cha mwisho kwenye korido ya chini. Wasikilizaji hawamjui kwa jina, na hadi mwezi huu hawakuijua hata sauti yake. Sisi kazini tunamwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, ingawa hana mpwa hata mmoja katika jengo hili. Kamati ya jarida imeniomba mimi, fundi mitambo, niandike wasifu wake kwa sababu chumba changu na chake vinapakana. Nimesikia kila alichopiga, nitake nisitake.

Tuseme ukweli, hakuanza vizuri. Aliingia mwaka 1986 kama msaidizi wa studio, na katika juma lake la kwanza alikabidhiwa santuri ndogo ya roki ya bendi ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Santuri ndogo huzunguka mara arobaini na tano kwa dakika, kubwa thelathini na tatu. Yeye aliiweka ndogo kwa mwendo wa kubwa. Wimbo wa binti anayeimba mbiombio ukatoka hewani kwa sauti nzito ya mwanamume aliyechoka, na ngoma zikijikokota nyuma yake. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama umeme wa kituo umepungua nguvu. Mtangazaji akaokoa jahazi kwa kusema kwamba huo ni wimbo wa mlevi, watu wakacheka wiki nzima, na tangu hapo santuri ile haikupigwa tena. Shangazi akahamishiwa maktaba ya santuri. Uhamisho huo ulikuwa adhabu, lakini yeye aliupokea kama ajira.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kina rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, gramafoni mbili, feni moja inayolalamika, na harufu ya majalada ya karatasi. Ukiingia humo sharti unawe mikono, uifute, kisha uishike santuri kwa ukingo. Aliyewahi kugusa uso wa santuri kwa kidole chenye mafuta ya chapati hajasahau alichoambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisahauliki. Shangazi huzungumzia nyimbo kama watu. Kwake si “wimbo huu umechoka”, bali “wimbo huyu amechoka”. Mhariri wetu wa habari, ambaye ngeli ikikosewa hupoteza hamu ya chakula, alimsahihisha kwa miaka mingi kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa vikaratasi alivyobandika mlangoni. Shangazi alimjibu mara moja tu. Alisema “huu” ni wa mkeka, na mkeka haujawahi kuwa yatima.

Mayatima ndilo jina la rafu yake ya nyuma kabisa. Humo aliziweka nyimbo za pop na roki za miaka ya themanini ambazo hazikupata bahati. Nyingine zilitoka mwezi mmoja na nyimbo zilizovuma dunia nzima, zikamezwa. Nyingine zilikuwa upande wa pili wa santuri, ambako watangazaji hawakujisumbua kugeuza. Na nyingine zilikuwa na majina yaliyowashinda kutamka, na mtangazaji asiyeweza kutamka jina la wimbo hataupiga.

Mimi si mtu wa kushangilia ovyo, na si kila yatima ni malaika. Baadhi ya nyimbo zile zilisahauliwa kwa haki, maana vinanda vya umeme vya wakati ule vilitenda maovu mengi. Lakini zipo ambazo kuzikosa ni hasara. Upo wa pop ambao kinanda chake kinadondoka polepole, tone baada ya tone, hadi mwimbaji anapoingia kwa kunong'ona. Mume wa Shangazi, ambaye ni fundi bomba, alipousikia mara ya kwanza aliinuka kwenda kukagua jikoni. Upo wa ndugu watatu wa roki, ambamo mwimbaji anakohoa kabla ya ubeti wa mwisho na hawakukifuta kikohozi, kisha anaimba ubeti huo vizuri kuliko yote. Na upo ule mrefu wa upande wa pili, ambao saksafoni yake huingia wakati watu wameshazima redio. Shangazi husema huyo ndiye bora kuliko wote, na mimi, kwa shingo upande, nakubali.

Januari mwaka huu likatoka agizo. Santuri zote zinakiliwe kwenye kompyuta, isipokuwa nyimbo ambazo hazijaombwa na msikilizaji yeyote kwa miaka kumi. Hizo zitaondoka na kifusi cha ukarabati, na chumba kitakuwa ukumbi wa mikutano ifikapo mwisho wa Juni. Mkurugenzi hakuwa na ubaya na mtu, alikuwa na nafasi ndogo. Hata hivyo, maana yake ilikuwa moja. Siku Shangazi anapoondoka, mayatima wake nao wanatupwa, labda wapate wa kuwaomba. Na nani ataomba wimbo ambao hajawahi kuusikia?

Asiye na wake ana Mungu, walisema wahenga. Hapa kwetu alikuwa pia na Shangazi. Muziki wa chini unaopita nyuma ya msomaji wa hali ya hewa huchaguliwa na mtunza santuri, na hakuna agizo lolote lililowahi kuugusa. Kuanzia Februari, manyunyu na vipindi vya jua vikaanza kusomwa juu ya roki ya miaka ya themanini. Shangazi alikuwa akikata wimbo pale pale unapoanza kunoga. Baada ya siku chache simu zikaanza. Watu walitaka ule wa bomba linalovuja. Walitaka yule anayekohoa, na wakauliza kama alipona. Msomaji wa hali ya hewa alilalamika kwamba hakuna tena anayemsikiliza yeye, na mvua ikawanyea watu wengi walioonywa vizuri kabisa. Mkurugenzi aliposhtuka, mayatima walikuwa wamepewa nusu saa yao kila Jumapili alasiri.

Hapo ndipo jirani wa nyumbani kwa Shangazi alipopata habari nusu nusu. Alimsikia ukutani akimwambia mumewe kwamba mayatima waliobaki ni kumi na hajui watalala wapi mwezi wa saba. Kesho yake jirani akaleta furushi la nguo za watoto na blanketi mbili. Shangazi alishukuru, akazipeleka wodi ya watoto, na hadi leo hajapata ujasiri wa kumweleza.

Hadi Jumapili ya mwisho alikuwa amebaki mmoja asiyeombwa, naye ni yule yule wa juma la kwanza. Huyo hakumpitisha kwenye hali ya hewa. Nilipomuuliza sababu, alisema hao wengine aliwakuta ni mayatima, lakini huyu alimfanya yatima yeye mwenyewe, na hawezi kumtafutia mlezi kwa ujanja. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikaa mbele ya kipaza sauti, akaeleza kosa lake lote kwa sauti ya mtu anayesoma bei za nyanya, akanyamaza. Simu nayo ikanyamaza. Mhariri, aliyekuwa zamu, alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Kisha fundi cherehani mmoja akapiga simu. Alisema siku ile ya mwaka 1986 alikuwa anajifunza kushona, na ule uchovu wa yule bwana ulikuwa uchovu wa baba yake akirudi kazini. “Dada, huyu nimemtafuta miaka yote,” alisema. “Nimewaimbia wauza kaseti mpaka wakanifukuza. Wanasema hakuna mwanamume aliyeimba hivyo.”

Shangazi akampigia kwa mwendo wa makosa, wote hadi mwisho. Halafu akamwambia ukweli, kwamba bwana yule ni binti, akampigia kwa mwendo sahihi. Fundi cherehani alisikiliza, akauliza binti huyo alikuwa na haraka ya nini.

Mhariri alisisitiza kwamba kwa “huyu” msikilizaji alimkusudia mwimbaji, si wimbo. Hakuna aliyebishana naye. Lakini Jumatatu asubuhi alinisimamisha koridoni, akatazama huku na huku, akaniuliza, “Yule wa jana ameshaingia kwenye kompyuta?” Nikamwambia ameingia, tena mara mbili, kwa mwendo wa haraka na wa polepole. Akasema vizuri, asije akabaki peke yake. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi. Niliporudi chumbani kwangu nilimsikia Shangazi upande wa pili wa ukuta akilia, halafu akipenga kamasi, halafu akimwambia mtu fulani kwenye rafu kwamba amesikia mwenyewe.

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa kutunawisha mikono na kwa kutotuachia tusikie yale yale kila siku. Msalimie fundi bomba. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi njema mbele yako, uziendeshe kwa mwendo uutakao mwenyewe. Safari hii hakuna atakayepiga simu kuuliza umeme.