Maji Yasiyo na Kalsiamu

Ndiyo, kama nilivyokuwa nikiwaambia wenzangu pale meza ya nyuma kabla mshereheshaji hajaniita, mimi sikuomba kusimama hapa. Nimesukumwa na watu wa chumba cha kuoshea vyombo, na sababu waliyonipa ni kwamba nimeolewa juzijuzi, kwa hiyo eti maneno matamu bado ninayo ya kugawa. Haya, nimeshasimama. Nitangulize heshima zangu kabla sijazisahau.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi, wakuu wa idara, walimu na watafiti wetu, mama yetu tunayemuaga leo, Mkuu wa Maabara, ambaye sote tunamwita Mama Mizani, baba yetu, mume wake, mpima ardhi mstaafu, uliyesafiri siku nzima kuja kumchukua, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa upendo. Na wewe mtunza stoo unayerekodi kwa simu yangu, nakuomba usikate hata kidogo, maana kuna mtu atakayeisikiliza hotuba hii akiwa mbali, na huyo mtu ni mume wangu.

Cheka tu, ndugu zangu. Nimeshazoea.

Mama Mizani alipewa jina hilo kwa sababu hupima kila kitu mara mbili, na mara ya tatu anakutazama wewe aliyekipima. Nilikuja kwake nikiwa nimemaliza sekondari, sijui kushika hata mrija wa kioo. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha bakuli. Mwaka wa pili akaniamini nichanganye maji ya chumvi, yale ambayo vipande vya misuli huwekwa humo ili viendelee kuishi wakati vinachunguzwa. Chumvi zenyewe ni tano, kila moja na chupa yake, na ukutani kuna karatasi ya kuweka alama kila ukimaliza moja.

Je, kuna mtu humu ndani asiyejua nilichokifanya asubuhi ile? Wageni hamjui, basi niwaambie. Nilikuwa na viatu vipya, nikawa navitazama. Nikaweka alama tano kwenye karatasi, na chumvi nne kwenye maji. Iliyobaki kwenye chupa yake ilikuwa ya kalsiamu.

Siku hiyo fundi wa maabara alikuwa na mabakuli mawili mezani. Moja lilikuwa na msuli wa mguu wa panya, jingine kipande cha moyo wa panya, na vyote viwili vilikuwa vimefungwa waya za umeme. Alipovimwagia maji yangu, kipande cha moyo kikapiga, kikapiga kwa unyonge, halafu kikasimama kimya. Msuli wa mguu haukujali. Kila umeme ulipopita, ukajikunja vilevile. Fundi akaja hadi mlangoni kwangu na bakuli mkononi, akaniuliza kwa upole sana, "Dada, haya maji umechanganya wewe?"

Nikamwambia ndiyo, nikaanza kuvua koti la kazi, maana nilijua kazi imeisha.

Mama Mizani hakunifukuza. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanitandazia viganja vyake viwili usoni, vikitazamana. Akaniambia kwamba ndani ya kila msuli kuna ghala dogo lililojaa kalsiamu, na kalsiamu hiyo ikitoka ghalani, msuli unajikunja. Ikirudishwa, msuli unalegea. Kuitoa shehena ghalani ni kazi ya protini mbili. Ya kwanza inakaa kwenye ukuta wa nje wa chembe hai ya msuli, inasikia umeme unapopita. Ya pili ni mlango wa ghala. Kwenye mguu, akasema, na hapo akagusanisha viganja, hizi mbili zimeshikana. Ya kwanza ikishtuka kwa umeme inajigeuza kidogo tu, na kwa kule kujigeuza inamfungua mwenzake. Hakuna haja ya kitu kutoka nje. Kwenye moyo zinatazamana, ila hazigusani. Akaviachanisha viganja, pakabaki upenyo kama wa karatasi. Hapo ile ya kwanza lazima ipitishe kalsiamu kidogo kutoka nje, na kile kidogo kikifika ng'ambo ndicho kinachofungua mlango, na ghala zima linamwagika.

Ndiyo maana maji yangu yaliusimamisha moyo na mguu ukaendelea. Watafiti walilijua jambo hilo kabla sijazaliwa. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Ndugu wageni waalikwa, ni wakuu wangapi wanaoharibiwa kazi ya siku nzima, halafu wanampa mharibifu kiti?

Fundi naye alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza somo alilolijua tangu chuoni. Nilipoinua macho nikamkuta hatazami viganja vya Mama. Ananitazama mimi. Tuliwekwa meza zinazopeana mgongo, na kuanzia siku ile kila akisogeza kiti nyuma kinagonga changu. Mwaka mzima kikawa kinagonga. Mama akapita siku moja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hawa wawili ni wa aina ya mguu, akaendelea zake. Mara tatu nikashindwa kuliosha bakuli nililokuwa nalo mkononi.

Tumeoana. Na siku ya kumi na tisa baada ya harusi, barua ikaja kwamba mume wangu amepata nafasi kwenye maabara ya mbali, miaka miwili, kujifunza kuzipiga picha protini hizo hizo kwa hadubini inayofanya kazi kwenye baridi kali. Mnajua nilivyofurahi? Nilifurahi hadi nikalia, na nikalia hadi nikasahau kwamba nilikuwa nafurahi. Koti lake bado liko kwenye msumari. Kuna mtu ananiambia nilifue. Sitalifua.

Amenitumia picha moja, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Inaonyesha milango ya ghala imejipanga safu safu, na kwenye msuli wa mguu, kumbe, si kila mlango umeshikwa. Mlango mmoja unaguswa na protini nne kwa pamoja, unaofuata hauguswi na yeyote, halafu unashikwa tena mwingine. Namna ile isiyoguswa inavyofunguka, watu bado wanaichunguza, na mume wangu sasa yumo miongoni mwao. Chini ya picha ameandika kwamba akiuona mlango ulio peke yake, ananikumbuka. Niambieni, mtu anafanyaje kazi baada ya kusoma hivyo?

Mchana ananitumia ujumbe wa neno moja: "Umekula?" Neno moja tu, na ghala langu lote linamwagika.

Lakini mara tatu amenisihi niende nimwone, na mara tatu nimemjibu mwezi ujao. Nilijaza fomu ya likizo, nikaiondoa mwenyewe kwenye trei. Nikajaza tena, nikaiondoa. Tangu nilipokosea siku ile sijamwachia mtu mwingine achanganye maji, naogopa atasahau chupa. Fomu ya tatu niliikunja nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Wiki iliyopita Mama Mizani alikuja chumba cha vyombo na fomu hiyo mkononi, ameinyoosha hadi imekuwa kama mpya. Pete yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kigingi cha kukaushia chupa, ninapoiweka nikiosha. Akaitazama pete, akaitazama fomu, akauliza, "Binti yangu, siku ile ulipokosea, kilisimama kipi?"

"Moyo, Mama."

"Ulichukua muda gani?"

Nikamwambia haukumaliza dakika.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkuu mzima, na koti lake jeupe. Akaniambia kwamba miaka kumi na moja mumewe alipofanya kazi ya kupima ardhi upande wa pili wa nchi, yeye alimwahidi mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika kulikuwa na msuli kwenye bakuli. Kazi iliendelea vizuri, akasema, na kila mtu alimsifu, na kwa kuwa ilikuwa inaendelea, alidhani kila kitu kinaendelea. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Nilijitazama kama mguu. Sikujua nani ananisubiri kama moyo."

Baba, nimemwomba ruhusa mama niyaseme mbele yako, akanikubalia. Ulimsubiri. Leo umekuja na shati lililopigwa pasi, umekaa kiti cha mbele tangu viti havijapangwa. Tunakukabidhi. Tumekaa naye sana, utusamehe.

Mama Mizani, umetufundisha kupima mara mbili, na zaidi ya hapo umetufundisha kumkalisha kitini aliyekosea. Saini yake ya mwisho kazini, wenzangu, haikuwa kwenye ripoti ya utafiti wala barua ya makabidhiano. Ilikuwa kwenye fomu yenye mikunjo. Jana nimemfundisha mwenzangu wa meza ya pili kuchanganya yale maji. Ameweka chupa zote tano, nimehesabu mara mbili, na mara ya tatu nimemtazama yeye.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu mlionipa. Mtunza stoo, sogeza simu karibu kidogo, hapa pasisikike vibaya.

Mume wangu, nimekula. Usinijibu kwa maandishi, na usiniambie habari ya baridi, nitalivaa lile koti lako. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuja nikuone.