Bouton Yenye Haina Jina

Batata, bamama, Yezu apewe sifa. Mupasta alisema ushuhuda ni ya kutuliza roho. Yangu haitatuliza mutu. Mi niko na hasira, na Mungu anaijua.

Munajua kama macho yangu ilibakia kule Mutoshi, jiwe ilipasuka karibu na uso wangu mu shimo ya madini. Kisha patron mumoja wa moto, zile pikipiki za kubeba bantu, pale Dilala akanipa kazi: kupokea bantu benye kuita moto, na kubatumia motard wa kubabeba. Telefone yangu inasema. Nikigusa bouton pa kioo, sauti inataja jina yake: "Pokea." "Kataa." "Tuma." Programme ya kwanza ya patron ilitengenezwa juu ya ile telefone tu, na bouton za telefone yenyewe. Nilitumika kazi kupita benye macho. Musicheke, ni kweli.

Njo akakuya fundi wa programme, na marashi yake. "Patron, mi naandika mara moja tu, inatembea pa telefone zote!" Zote! Patron akafurahi. Kumbe kifaa yake ya mupya ya kuandikia programme inajichorea bouton yenyewe, sawa picha pa ukuta, na sauti ya telefone haioni picha. Nikagusa: "Bouton." Nikasogeza kidole: "Bouton." Ndugu zangu, nawaambia, hata mbuzi ya jirani iko na jina!

Nikaanza kubahatisha. Mama moja wa mutaa ya Kapata aliita moto juu ya mutoto wake mugonjwa. Kidole yangu ikaanguka pa "Kataa". Akatembea na miguu, mutoto pa mugongo. Akakuya kunitukana, na alikuwa na haki. Patron akanifukuza.

Nikamuendea fundi. Akanijibu: "Tata, bipofu ni bachache." Vile tu. Nikarudia ku nyumba, nikakaa pa kitanda sawa mufu, mpaka bibi yangu, mama wa batoto bangu, akaniambia: "Hasira ya kulala haipiki bukari. Simama."

Akanishika mukono mpaka kwa dada moja mwenye kuandika programme. Nikamuomba aturudishie ile programme ya zamani. Akagusa-gusa ile ya mupya, akafyonya. "Tata, kifaa haina kosa. Inajua kutaja majina. Ni fundi njo hakuyaandika. Ni mustari moja kwa kila bouton."

Mustari moja! Batoto bangu balilala njaa juu ya mustari moja!

Tukaenda kwa patron. Fundi akalazimishwa kufungua kazi yake, dada akaandika majina pale pale. Nikagusa. "Pokea." Nililia mbele ya bamotard bote, sikusikia haya.

Namushukuru bibi yangu. Namushukuru ule dada. Namushukuru na mama wa Kapata: alipojua ukweli, alirudia kwa patron kunitetea. Na ninyi, mutu akiwaambia "zote", mumuulize: zote ni banani? Kisha mumufunge kitambaa pa macho, mumupatie telefone.

Munataka jina ya ule fundi. Mwenyewe iko kati yenu, namusikia anakohoa. Sitaitaja. Alinyima bouton zake majina, naye akae vile vile: Fundi. Fundi. Fundi.