Gracinda Falcato Ashuka Kwenye Mstari wa Buluu

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, saa nane mchana, Gracinda Falcato ataegesha kibasi namba 4 katika gereji ya Alvoreira, atavuta breki ya mkono na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Ofisi ya juu iliniletea karatasi yenye maneno matatu ya kumsifu: mchapakazi, mnyenyekevu, mpole. La kwanza ni kweli. Hayo mengine mawili sitayaandika, maana wasomaji wa jarida hili wamewahi kupanda basi lake.

Aliajiriwa mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kushika usukani katika kampuni yetu. Kwa miaka tisa aliendesha mabasi makubwa kati ya stesheni na hospitali. Mwaka 2003 vilipoletwa vibasi vya umeme vya mji wa juu, ambako mtu anaweza kumpasia jirani chumvi dirisha kwa dirisha, madereva wanaume kumi na wawili walivikataa. Walisema ni vya kuchezea watoto. Gracinda akavichukua, na akavichukulia kwa uzito.

Mstari wa buluu hauna vituo. Umepakwa rangi juu ya mawe ya barabara, kutoka sokoni hadi kanisa kuu na kurudi. Abiria anasimama popote kando yake, anainua mkono, basi linasimama. Watalii hawakulijua hilo. Walikipungia kibasi kwa furaha, kama mtu anavyompungia mtoto, naye Gracinda akasimama na kufungua mlango. Wakatazamana, wakaona aibu, wakapanda. Nathubutu kusema nusu ya wageni walioujua mji huu vizuri waliujua kwa njia hiyo: wamebanwa kati ya vikapu vya sadini, bibi mmoja amewapakatisha kabichi zake, mwingine anawaonyesha kwa kidole dirisha alikozaliwa.

Abiria wake mwaminifu kuliko wote ni Bi Ermelinda Sacadura, wa mlango wenye vigae vya kijani. Kufikia mwaka 2016 alikuwa ameiandikia kampuni barua kumi na moja za kumlalamikia: anafunga breki ghafla, anaacha madirisha wazi, anazungumza siasa.

“Ya kumi na moja nimeisoma, Bi Ermelinda,” Gracinda alimwambia siku moja mbele ya basi zima. “Mwandiko umeanza kutetemeka. Unaumwa?”

“Naumwa na breki zako, mwanangu. Nishushe mlangoni, si kwa jirani.”

Mwaka huohuo ndipo uongozi ulipokuja na mpango wake. Mstari wa buluu ufutwe, viwekwe vituo vinne: kanisa kuu, maktaba ya kale, makumbusho, na roshani ya kutazamia mto. Basi liwe la watalii, kila mmoja na maelezo yaliyorekodiwa masikioni. Nilisema wakati ule na ninasema leo: mji unaotazamwa na watu wasiogusana na wenyeji wake si mji, ni picha ya ukutani. Walijibu kwamba mstari unachelewa mno. Likawekwa jaribio moja, Jumanne tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi. Mzunguko mmoja, usizidi dakika ishirini na tano. Ukizidi, mstari unafutwa. Na kutoka sokoni hadi mlango wa Bi Ermelinda, kwa miguu, kuna ngazi mia mbili na kumi na nne.

Hapa lazima niungame. Nilikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, na nilijiona mjanja. Nilipita mlango kwa mlango juma zima: Jumanne saa nne asiinue mtu mkono. Samaki nunueni Jumatatu. Mwacheni apite, ashinde saa. Gracinda sikumwambia, kwa sababu nilijua angenifukuza.

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Injinia Barreiros, aliyetumwa na uongozi kupima, alikaa nyuma ya dereva, saa ya kupimia mkono mmoja, ubao wa karatasi mkono mwingine. Abiria wengine walikuwa watalii wawili tu, mume na mke kutoka Ghent, wenye ramani iliyokunjwa vibaya. Tukaondoka sokoni. Dakika ya tatu, hakuna mkono. Dakika ya sita, hakuna. Watu walikuwa wamesimama milangoni, mikono mifukoni, wanatutazama tukipita kama wanaotazama jeneza. Nikamwona Bi Ermelinda kwenye vigae vyake vya kijani, kikapu kimejaa, mikono ameificha chini ya aproni. Nikafurahi. Tulikuwa mbele ya saa kwa dakika mbili nzima.

Kisha nikaona karatasi ya Injinia. Ilikuwa na safu mbili. Moja ya dakika. Nyingine ya abiria waliopanda, na ndani yake sifuri, sifuri, sifuri.

Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa naandaa ushahidi kwamba mji wa juu hauhitaji basi. Sikuwa na la kufanya. Ningepiga kelele, Injinia angejua yote. Gracinda alikuwa ameiona ile karatasi kwenye kioo chake. Akafunga breki katikati ya mtaa, ile breki ya barua kumi na moja, akarudi nyuma mita thelathini hadi kwenye vigae vya kijani, akafungua mlango.

“Bi Ermelinda! Mikono imekatika?”

“Tumeambiwa tusiinue.”

“Na nani?”

Bibi yule, Mungu ampe umri, alininyooshea kidole kupitia dirishani. “Na huyo mwenye ndevu.”

Gracinda hakugeuka. “Huyo nitamshughulikia baadaye. Wewe unakwenda wapi?”

“Kliniki. Tangu saa tatu.”

“Basi panda! Na nyie wote, inueni mikono, la sivyo kesho mtapanda ngazi!”

Mtaa mzima ukainua mikono. Sijaona kitu kama kile. Tulisimama mara kumi na nne. Kwenye kona ya kinyozi, gari dogo lilikuwa limeegeshwa juu ya mstari. Abiria wakashuka, watalii wa Ghent pamoja nao, wakalishika, wakalirusharusha hadi ukutani kama tunavyofanya siku zote. Injinia aliweka ubao chini akashika bampa. Sisi watano tulioondoka sokoni, peke yetu, gari lile tusingeliweza.

Tulifika sokoni kwa dakika thelathini na nane, watu ishirini na watatu ndani. Mimi nilishuka bila kuagwa, na Gracinda hakunisemesha hadi Krismasi.

Juma la sita barua ikaja. Mstari unabaki, muda rasmi unakuwa dakika thelathini na tano. Safari za Jumapili zilifutwa, na hilo sijawasamehe. Katika jalada la uamuzi Injinia alikuwa ameambatanisha barua zote kumi na moja za Bi Ermelinda, kama uthibitisho wa abiria wa kila siku, pamoja na ya kumi na mbili, ya tarehe 12 Oktoba, inayolalamika kwamba basi la Jumanne lilijaa mno na liongezwe jingine.

Madereva vijana mnaopokea usukani wake, jifunzeni njia, lakini jifunzeni zaidi ile breki.

Gracinda, asante kwa miaka thelathini na moja, na kwa siku ile uliyoniokoa na akili zangu. Pumzika, fungua madirisha, zungumza siasa. Tunakuombea afya na siku ndefu. Jumatatu asubuhi, ukitoka nyumbani kwako pale chini ya kanisa kuu, simama kando ya mstari kama kila mtu, uinue mkono. Tutasimama.