Viwili na Bukta Iliyopunguzwa Mara Tatu

Binti tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 2008, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi umeme na mpishi wa shule. Wasifu huu umeandikwa na mjomba wake, fundi cherehani, ambaye ndiye anayeusoma, kwa hiyo mkikuta mshono umepinda, lawama ni zake.

Nyumbani kwao ni ghorofa ya tatu. Marehemu hakuwahi kupanda ngazi kama watu wengine. Tangu akiwa na miaka minne aliruka vidato viwili viwili, na jengo zima likamwita Viwili. Mama yake alimjua kwa hatua zake kabla hajagusa kitasa, akaanza kupakua chakula.

Alianza shule ya msingi Januari 2015. Mwezi Juni 2018 alianza kunywa maji bila kukata kiu, akakonda ndani ya wiki tatu, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Ilikuwa kisukari cha aina ya kwanza, ambapo mwili hautengenezi tena insulini na mgonjwa anaishi kwa sindano. Alitoka wodini akijua kujidunga mwenyewe, mara nne kwa siku. Siku hiyo muuguzi wa kliniki aliwaambia wazazi, mjomba akiwapo: "Huyu akikonda ghafla tena, msingoje tarehe ya kliniki. Mleteni siku hiyohiyo." Wote waliitikia kwamba wamesikia.

Alijiunga na sekondari Januari 2022, na wiki ya pili tu kocha wa mbio akawa ameshamwona. Muuguzi alifurahi, akamwelekeza apime sukari kabla ya kukimbia, ale kitu kidogo, apunguze dozi kwa kiasi atakachoambiwa, ila asiache sindano kabisa. Kipimo chake cha kila miezi mitatu kikawa kizuri kuliko wakati wowote. Mjomba analisema hili kwa makusudi, kwa sababu tangu juzi amesikia minong'ono pale mlangoni kwamba michezo ndiyo iliyomuua. Si kweli. Michezo ilimpa miaka mitatu ya afya njema na kicheko kingi.

Wakati wa likizo alishona vifungo dukani kwa mjomba wake. Ilifika mahali wateja wakawa wanauliza kwanza kama yupo, ndipo waache shati. Ndoa hakuijua. Shangazi mmoja alipomtania kuhusu wachumba, alijibu, "Atakayenitaka anikimbize mita elfu moja mia tano, shangazi. Akinikamata tutaongea."

Jumamosi, tarehe 26 Julai mwaka huu, katika mashindano ya shule, sukari yake ilishuka zikiwa zimebaki mita mia mbili. Aliyumba, akaanguka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, na jukwaani wakacheka wakisema amelewa. Alipewa juisi, akakaa sawa baada ya robo saa. Mwili ulipona siku hiyohiyo, lakini ile aibu haikumtoka.

Mwanzoni mwa Septemba alikwenda dukani na bukta yake ya mazoezi. "Mjomba, inanivuka." Mjomba alimpima kiuno, inchi ishirini na saba, akapunguza. Baada ya wiki tatu akarudi, ishirini na sita. Kocha alimsifu kwamba sasa amekaa kimichezo, na mjomba akawaonyesha wateja picha yake. Katikati ya Oktoba ilikuwa ishirini na nne na nusu. Siku hiyo alikuwa na chupa kubwa ya maji, akaimaliza akiwa amesimama kando ya cherehani, na pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mdogo wake, aliyemfuata kila mahali, alisema, "Dada siku hizi anapanda ngazi kimoja kimoja." Mjomba alicheka, akasema wakimbiaji huchoka. Akatia uzi sindanoni.

Jumanne, tarehe 4 Novemba, alianza kutapika na kuhema kwa nguvu. Nyumbani walidhani ni tumbo. Jumatano alipelekwa hospitali, damu ikiwa imejaa asidi kwa kukosa insulini. Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, alifariki akiwa na miaka kumi na saba. Mama yake alipofungua friji alikuta chupa zake nne za insulini mlangoni, hazijafunguliwa. Ndipo tukaelewa: alikuwa akiruka sindano kila siku ya mazoezi, ili sukari isishuke, asianguke tena mbele za watu. Chupa zile tulikuwa tukiziona kila tulipochukua maziwa.

Nilikusudia kusoma hadi mwisho nikijiita mjomba wake. Siwezi tena. Ni mimi niliyeshika futi kamba. Niliambiwa akikonda nimpeleke, na mara tatu nilimwona akikonda, nikajivunia kazi yangu.

Marehemu ameacha baba, mama, bibi mzaa mama, mimi, na mdogo wake wa miaka kumi na mmoja, ambaye tangu mwaka jana naye anadungwa sindano mara nne kwa siku. Jana mtoto huyo aliniletea ile bukta, akaomba niipunguze imtoshe, kwa sababu anataka kukimbia. Nimempima kiuno. Namba nimeiandika ukutani juu ya cherehani, kwa wino, na mama yake ameiona. Nitampima kila Jumamosi. Siku namba hiyo ikishuka, sitagusa sindano ya kushonea. Nitafunga duka, nimpeleke.

Viwili wetu apumzike kwa amani. Sisi bado.