Hadithi ya Mtunza Ghala

Ndani ya basi la kutoka Kiomboi, Mwalimu Theodora alikuwa akimbembeleza Mzee Mselemu, mtunza ghala wa kijiji, akubali kamati yao ya elimu ya watu wazima inunue vitabu vya kuwaburudisha wanakisomo kiangazi.

"Kimoja kinachekesha sana, mzee. Mtunza ghala anaiba mtama wa ujamaa."

Mselemu akageuka shingo nzima. "Nani kamweleza huyo mwandishi?"

"Ni hadithi tu, baba."

"Hadithi! Kijiji kizima kitanitazama mimi. Kitabu cha mbolea tulicho nacho kinatosha."

Theodora akawaona akilini wanafunzi wake wakisinzia juu ya kurasa za samadi hadi masika.

Basi likasimama Unyambwa. Mzee akashuka, akazunguka mpaka dirishani, akanong'ona:

"Mwalimu, huyo bwana walimkamataje?"